Muziki wa Chumbani

Afisa utamaduni wa kwanza niliyemfahamu hakuujua utamaduni wa mtu yeyote, hata wa kwao. Alikuja Sumbawanga mkoa ukiwa bado mpya, pamoja na makarani, madereva na mafaili yaliyoshushwa kwenye malori kutoka Mbeya, na kabla hajaijua njia ya kwenda sokoni alikwisha kutuambia kwamba ngoma zetu zina upungufu. Alivaa suti ya kijani ya mikono mifupi katika upepo wa Juni, upepo ambao hata mbuzi wa kwetu Kizwite huukimbia na kujibanza ukutani, akawa anatufundisha uzalendo huku meno yakigongana. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa wakulima wa mahindi na ulezi, na mdomo ninao. Kupatana naye ilikuwa kazi.

Huyo ndiye aliyevunja uchumba wangu. Kwa miaka mingi nilisema hivyo, na kila mtu alikubali, kwa sababu ni rahisi kumlaumu mtu aliyekwisha hamishwa.

Mchumba wangu naye alikuja na mkoa. Alikuwa karani, kijana nadhifu, anakaa Mazwi kwa baba yake mdogo, mfanyabiashara na mzee wa kanisa lao. Sisi ni Wakatoliki, na baba mdogo huyo aliamini kwamba Mkatoliki ni mtu anayekunywa pombe ya ulezi Jumamosi ili apate cha kuungama Jumapili. Alikubali posa kwa shingo upande. Kila alipokuja kwetu alikagua nyumba kwa macho, kama mtu anayetafuta mahali bati linapovuja.

Lakini kijana nilimpenda. Nasema wazi kwa sababu walionijua baadaye hawaamini kwamba niliwahi kumpenda mtu. Alikuwa akija Kizwite kwa baiskeli jioni za Jumatano, anaimba njia nzima, kwa sababu alikuwa sauti ya tatu katika kwaya yao na sauti ya tatu haijui kunyamaza. Tulikaa kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya baba, chenye viti vinne vya mbao na picha ya Moyo Mtakatifu, ambacho mama alikiita sebule na ole wako ukikiita jina jingine. Kijana aliniahidi sebule kubwa kuliko ile, yenye makochi na redio. Mimi nikaanza kufuma vitambaa vya kutandika migongoni mwa makochi hayo. Uzi mweupe ulikuwa wa shida, kila kitu kilikuwa cha shida, lakini nilifuma. Makochi yenyewe yalikuwa hayajazaliwa bado, na nguo zao zilikuwa tayari.

Ndipo ikaja habari ya wageni. Wanamuziki kutoka nchi rafiki, ya kijamaa kama sisi ila yenye theluji, walikuwa wakizunguka mikoani, na wangepiga kwetu Jumamosi moja. Walikuwa kikundi kidogo: wenye fidla ndogo na kubwa, na wenye vyombo vya kupuliza. Muziki wao ulikuwa wa aina ile ambayo zamani huko kwao ilipigwa katika vyumba vya majumba ya wakubwa, watu wachache wakisikiliza kimya. Afisa utamaduni alipewa kazi ya kuutafutia jina la Kiswahili. Akafungua kamusi, akakuta kwamba neno la Kizungu wanaloitia muziki huo maana yake ni chumba, akaifunga kamusi. Muziki wa chumbani. Alifurahi kama mtu aliyechimba kisima.

Aliniita ofisini kwake kwa sababu mwalimu mkuu wangu alikuwa amenitoa nikatangaze jukwaani, eti nina sauti inayofika nyuma. Nikasoma alichoandika, nikadhani ananitania.

"Ndugu Afisa," nikamwambia, "huku kwetu mambo ya chumbani ni mambo ya mume na mke."

"Ndugu Mwalimu, Kiswahili ni lugha ya taifa. Si ya huku kwenu."

"Hata huko kwenye taifa, nadhani ni mambo ya mume na mke."

Hakucheka. Nikajaribu tena kwa upole, na upole kwangu si kitu cha kila siku.

"Basi tuseme muziki wa sebuleni. Maana ni ile ile, watu wachache wameketi wanasikiliza."

Akaniangalia kwa huruma, kama nimetoboa siri ya ukoo. "Sebule ni ubwanyenye, Ndugu Mwalimu. Mkulima ana chumba. Nani kati ya wakulima wetu ana sebule?"

"Baba yangu."

"Basi baba yako ajichunguze."

Siku ya pili yake gari la serikali lenye kipaza sauti likazunguka Mazwi, likapanda Kizwite, likashuka Chanji, na afisa mwenyewe ndani, anatangaza kwa sauti ya mtu anayeuza dawa ya panya. Wananchi wote mnatangaziwa! Jumamosi saa tisa alasiri, katika ukumbi wa mji, wataalamu kutoka nchi rafiki watatuonyesha muziki wa chumbani! Watatumia nyuzi, na watatumia vyombo vya kupuliza! Njooni kwa wingi mjifunze!

Mama alikuwa anapeta ulezi. Aliweka ungo chini.

"Watatuonyesha?" akauliza. "Saa tisa? Mchana?"

"Mama, ni muziki tu."

"Na hizo nyuzi ni za nini?"

Baba alicheka mpaka akapaliwa. Alisema Wazungu hawana shamba la kupalilia ndiyo maana wanapata muda wa mambo hayo jua likiwaka. Lakini mji haukucheka. Wanawake sokoni waliapa hawatakwenda, kisha wakaulizana kwa sauti ya chini mlango wa ukumbi unafunguliwa saa ngapi. Padre alihubiri Jumapili juu ya usafi wa moyo, akakohoa mahali pale ambapo angetaja muziki, na kikohozi kile kikaeleweka kanisa zima. Kuna mzee wa Chanji aliyetuma mtu ofisini kuuliza kama mtu aje na mke wake au kila mmoja aje kivyake. Afisa utamaduni alimjibu kwamba waje wote, pamoja na vijana, kwani vijana ndio taifa la kesho.

Jumatano mchumba wangu akaja bila kuimba. Alisimamisha baiskeli, akasimama nayo katikati yetu.

"Mimi sitatia mguu pale," akasema. "Mtu mwenye heshima zake hawezi kuonekana mahali kama pale. Na wewe kataa."

"Nikikataa nitahamishiwa huko bondeni ziwani, nikafundishe mbu."

"Baba mdogo atasemaje?"

Nilimweleza kwamba ni fidla. Nilimweleza habari ya sebule na ubwanyenye, nikidhani atacheka, kwa maana zamani alikuwa akicheka. Akasema tena kwamba baba mdogo anatafuta sababu, na kwamba mimi nikipanda jukwaani kutangaza neno lile sababu ameipata, na yeye hatakuwa na la kunitetea. Nilielewa vizuri sana. Vitambaa vyangu, makochi yake, jioni zote zile za Jumatano vilikuwa vimening'inia kwenye neno moja la mpumbavu. Nikamwambia neno hilo halitatoka kinywani mwangu. Akapanda baiskeli akaondoka, na hakuuliza nitafanyaje.

Jumamosi ukumbi ulijaa saa saba. Sijawahi kuuona umejaa vile, hata siku ya kugawa sukari. Walikuwa wanaume watupu. Wengine niliwafahamu: wazazi wa wanafunzi wangu, waliokuwa hawana nafasi hata mara moja ya kuja kwenye mkutano wa shule, leo nafasi imepatikana. Waliketi wakitazama pembeni kana kwamba kila mmoja ameletwa na mwingine. Wanawake tulikuwa mimi na masista wawili wazee wa misheni, Wazungu, waliojua fika ni muziki gani unakuja. Waliketi mstari wa mbele kabisa, nyuso zinang'aa kwa furaha. Wanaume waliwatazama masista wale kwa mshangao ambao hadi leo ukinijia nikiwa peke yangu nacheka.

Wageni wakaanza kuingiza vyombo. Fidla kubwa kuliko zote, ile inayopigwa mtu amesimama, ilikuja ndani ya sanduku lake jeusi, imebebwa na watu wawili. Ukumbi mzima ulinyanyuka.

"Kitanda hicho!" mtu akapiga kelele.

Wakashangilia. Wageni wakadhani wanapokewa, wakatabasamu, wakainama. Wazee wachache wa Chanji walioketi kwenye benchi la pembeni, wakiona wageni wameinama kwa adabu, nao wakachuchumaa wakapiga makofi polepole, kama sisi Wafipa tunavyomwamkia mtu wa kuheshimiwa. Ilikuwa ndiyo heshima pekee iliyoonekana ukumbini siku ile. Afisa utamaduni akawakimbilia akiwapungia mikono: wasipige makofi mpaka atoe ishara, muziki huu una taratibu zake.

Kisha ikaja hotuba. Mwenyekiti wa chama alizungumza juu ya urafiki wa mataifa, akapita kwenye kilimo cha kufa na kupona, akarudi kwenye urafiki kwa njia ya mbolea. Afisa utamaduni naye akamshukuru mwenyekiti kwa kumshukuru yeye. Wageni walisimama na fidla zao mikononi, wanatabasamu bila kuelewa, na mmoja wao, mwanamume mnene mwenye zumari ndefu ya mti mwekundu, alianza kupuliza pumzi za moto kwenye vidole vyake. Ilikuwa baridi. Watu walianza kusema tuone, tuone.

Nikaitwa. Nilipanda jukwaani nimeshika karatasi ya afisa, neno lake limepigiwa mstari. Sauti kweli ninayo.

"Ndugu wananchi," nikasema, "sasa mtasikia muziki wa sebuleni."

Ukumbi ukaguna kama ng'ombe aliyenyang'anywa chumvi. Sebuleni? Tumetembea kutoka mbali hivi kuja kuona sebule? Afisa utamaduni alikuwa chini ya jukwaa ananitolea macho. Mtu akaanza kuimba neno lao huku anapiga benchi, wengine wakapokea, ukumbi mzima ukawa kwaya: "Chumbani! Chumbani! Chumbani!"

Na katikati ya kwaya ile nikaisikia sauti ya tatu.

Haifichiki, nimekwisha kusema. Ilikuwa juu ya zote, safi, imekaa mahali pake, inaimba kwa raha kama ilivyoimba barabara ya Kizwite. Nikatazama. Alikuwa kwenye nguzo ya nyuma, amesimama juu ya benchi, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, mdomo wazi. Hakuniangalia. Alikuwa anatazama lile sanduku jeusi.

Nilishuka nikaketi na masista. Muziki ukaanza, na kwa hasira niliyokuwa nayo sikupenda chochote. Fidla zilinikwaruza. Yule mnene na zumari yake nyekundu alitoa mlio wa beberu mwenye mafua. Watu walisubiri. Walisubiri kwa uvumilivu wa ajabu, nawapa haki yao, macho hayabanduki kwenye mlango wa nyuma ya jukwaa, wakiamini kwamba haya ya nyuzi ni ya kutayarisha tu. Mzee mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba pengine wanaoanza ni wazee wao, vijana watakuja baadaye. Kila muziki uliponyamaza kidogo, mtu aliuliza, "Sasa?" Na kila ulipoendelea, benchi moja lilikuwa tupu zaidi. Waliondoka wakiwa wamekunja uso kama watu waliodhulumiwa. Niligeuka mara moja tu. Kwenye ile nguzo hapakuwa na mtu.

Ilipofika sehemu ya polepole tulikuwa tumebaki wachache: masista, wazee wa Chanji, mwenyekiti aliyelala, na afisa aliyekuwa bado amenyanyua kidole kutuzuia tusipige makofi ambayo hakuna aliyekusudia kuyapiga. Kulikuwa na mtu mwembamba mwenye zumari nyeusi. Akaanza peke yake, chini sana, na wenzake wakamngoja, kisha wakaingia mmoja mmoja bila kumsukuma. Hakuna aliyetaka kusikika zaidi ya mwingine. Sijui kuueleza muziki na sitajaribu. Najua tu kwamba nilifikiri: hawa wanasikilizana. Nikalia, kwa sababu mimi nilikuwa na mtu ambaye hakuniuliza nitafanyaje. Sista mzee alinipa leso yake, akidhani nimeguswa na sanaa.

Jumapili baada ya misa ya kwanza walikuja. Mama aliona wanapanda njia, baba mdogo mbele na suti, kijana nyuma anakokota baiskeli, akafurahi. Alidhani wamekuja kutaja siku. Akakimbilia sanduku langu, akatoa vitambaa vyangu vyeupe, akavitandika kwenye migongo ya vile viti vinne vya baba. Sikupata nafasi ya kumzuia.

Niliwaamkia kwa adabu zote. Wakaketi. Baba mdogo alikataa maji.

"Tumepata aibu," akasema. "Mkwe wetu amepanda jukwaani mbele ya wanaume wa mji mzima, akatangaza mambo ya chumbani kwa kinywa chake mwenyewe. Sisi ni watu wa kanisa. Kijana wangu kwa aibu hakuweza hata kusogea karibu na ukumbi ule. Tumekuja kusema posa yetu tunaiondoa."

Mama alishika kichwa. Baba akanigeukia. "Mwanangu, ulisema hivyo?"

"Hapana, baba. Sikusema chumbani. Nilisema sebuleni."

"Mji mzima umesikia chumbani," baba mdogo akasema.

Mchumba wangu alikuwa ameinamisha kichwa tangu aingie. Akakiinua. Hadi leo naamini alitaka kunisaidia kwa moyo wote, na kwamba hilo ndilo neno la kweli zaidi alilowahi kusema kwa ajili yangu.

"Hapana, baba mdogo," akasema. "Kweli kabisa alisema sebuleni. Sisi ndio tuliosema chumbani."

Baba aliangalia picha ya Moyo Mtakatifu, mabega yanatikisika. Baba mdogo alimtazama kijana wake, akatazama sakafu, akasafisha koo muda mrefu kupita kiasi. Kisha, kwa kuwa ni mfanyabiashara, akapata njia.

"Kijana ni kijana," akasema. "Mwanamume hachafuki kwa kutazama. Basi. Kama binti alisema sebuleni, sisi tunamsamehe. Mambo yaishe, tupange siku."

Tunamsamehe! Nilimtazama kijana, nikamngojea. Nilimpa nafasi ndefu kuliko sehemu yote ile ya polepole. Angesema chochote, hata kwa sauti ya chini, ningeingia naye kwenye nyumba isiyo na kiti hata kimoja. Alitabasamu. Alikuwa ameona mambo yamekwisha vizuri, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa.

Nikachuchumaa mbele ya baba mdogo, nikapiga makofi polepole, kama tunavyoagana na wakubwa.

"Ahsanteni kwa kuja, baba. Mpite salama."

Baba yangu alielewa kabla ya wengine. Akasimama akafungua mlango. Baba mdogo akatoka bila kuaga, na kijana akanyanyuka kumfuata, anageuka geuka, anataka mtu amweleze nini kimetokea. Kitambaa changu, chenye maua sita pembeni, kilikuwa kimenasa kwenye sweta lake mgongoni. Mama alikiona, akafungua mdomo. Nikamshika mkono.

Akapanda baiskeli, akashuka nacho hivyo hivyo barabara ya Mazwi, mbele ya watu wote waliokuwa wanatoka misa ya pili. Ni haki yake. Nilikifuma kwa ajili ya sebule yake.